Dakika Nne za Mawe Matatu

"Gari yenye kujiendesha, siku ikiua muntu, ni nani anaenda kuomba musamaha?"

Rosette alimuuliza jirani yake Pulchérie swali hilo siku ya tatu ya matanga, huku wakichambua mchele wa waombolezaji nyuma ya nyumba, pale Baraka. Mume wake Isidore alikuwa ametoka asubuhi na gari ya umeme ya kampuni, ile inayojiendesha. Jioni alirudishwa ndani ya turubai. Gari ilikutwa imesimama barabarani, nzima, bila mkwaruzo. Isidore alikutwa amekaa kwenye kiti chake na risasi tatu.

Pulchérie aliokota jiwe dogo ndani ya mchele, akalitupa.

Wiki tatu zikapita.

Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika kumi za asubuhi, simu ndogo ya Pulchérie, Tecno, ilitetemeka ndani ya leso.

*Chorale inaimba leo Fizi. Sauti tatu. Fundi anataka kuinyamazisha njiani. Wimbo usiahirishwe.*

Alisoma mara moja. Akafuta.

Kwa mji wa Baraka, Pulchérie alikuwa shoferi wa sita wa kampuni ya Transvolt, mwanamke peke yake katikati ya wanaume watano, mtu wa ibada ya saa kumi na moja alfajiri na wa maneno machache. Kwa Bureau, ile ofisi ya ujasusi isiyo na kibao mlangoni, aliitwa Taa. Bureau ilimpenyeza Transvolt mara baada ya mazishi ya Isidore.

Chorale walikuwa wajumbe watatu wa amani. Wawili walishuka kwa miguu kutoka Bibokoboko, kule juu kwenye ng'ombe. Mmoja alitoka Nundu, kando ya ziwa. Leo walipaswa kufika Fizi kutia sahihi, ili barabara ya mlimani ifunguliwe kwa watu wote.

Na Fundi alikuwa Monsieur Lionel, mkurugenzi wa Transvolt. Mtu wa pasipoti tatu na nchi isiyojulikana. Barabara ile ikifunguliwa, dhahabu aliyokuwa akiiteremsha kwa siri mpaka kwenye boti zake itaonekana na kila mwenye macho. Amani ilikuwa adui wa Lionel. Aliichukia kama nyoka anavyochukia moshi.

Pulchérie alifunga leso yake, akachukua thermos ya chai, akaenda kazini.

* * *

Kwenye parking ya Transvolt, gari sita aina ya Voltara zilikuwa kwenye waya, zikinywa umeme wa jua. Na madereva walikuwa wakifanya kile walichofanya kila baada ya mise à jour, kila kampuni ilipotuma programu mpya ya gari.

Walikuwa wakilaani.

"Version ya tano ilikuwa inapiga frein, inasimama mbele ya kila mbuzi," alisema Papa Alphonse, mkubwa wao kwa umri. "Nikavumilia. Ya sita ikaanza kuogopa maji. Ikiona kiziba kidogo, inazani ni Tanganyika, inakatala kupita. Nikavumilia. Lakini hii ya saba balitutumia juzi? Hii iko na pepo!"

"Papa Alphonse, sema ukweli," alimchokoza Darius, dereva wa gari namba tatu. "Gari imekuchoka. Hata bibi yako alikuchoka."

"Nyamaza, kichwa ya samaki ndakala! Sikia kwanza. Jana pale soko, mama mumoja wa sombe alikuwa anavuka. Kitita ikamuponyoka. Majani ya muhogo ikajaa njia. Gari ikasimama, tii! Nikakanyaga, haiendi. Nikashika volant nizungushe, imekuwa nguvu sawa jiwe. Nikasema basi, nitoke. Milango: kla! Yote ine. Dakika ine, bandugu! Mama wa sombe anapiga kioo na ndala: 'We mwizi, umeponda sombe yangu, toka inje!' Na mi siwezi kutoka, hata kukimbia siwezi!"

Wakacheka mpaka Darius akashika tumbo.

Pulchérie hakucheka.

"Papa Alphonse," alisema polepole. "Mbele ya version hii, ukikanyaga frein, ilikuwa inakurudishia volant. Si vile?"

"Mbele, ndiyo. Sasa balikata. We hauna neno tena ndani yake. We ni muzigo, sawa gunia."

"Dawa yake ni matope tu," alisema Darius. "Kamera zikifunikwa, inanuna. Inakuachia kazi yote, na we unakuwa shoferi tena."

Majani.

Kwenye barabara za Fizi hakuna dereva anayebeba ile pembetatu nyekundu ya wazungu. Gari ikiharibika, unakata matawi, unayapanga barabarani hatua thelathini nyuma na thelathini mbele. Anayekuja anaona, anapunguza. Matawi mabichi: mwenzako yuko karibu, jiandae kumsaidia. Matawi makavu: alikwisha kuondoka, na hana adabu, maana hakuyaokota. Hakuna dereva anayeyapita bila kukanyaga breki. Ni sheria isiyoandikwa.

Isidore aliheshimu sheria ile. Pulchérie alikwenda mwenyewe mahali alipofia, kona ya Mawe Matatu, siku ya nne ya matanga. Alikuta matawi makavu. Hakukuta tone la mafuta, wala alama ya jeki, wala tairi la lori. Alirudi na tawi moja ndani ya mfuko, na swali ambalo hakulijua.

Sasa alilijua.

"Nani alifundisha gari mambo ya majani?" aliuliza.

Kicheko kikakatika. Papa Alphonse alitazama viatu vyake.

"Monsieur Lionel alituita Pasaka ile," alisema. "Akatupatia Fanta. Akauliza: huku kwenu, gari ikikufa njiani, munaonyeshana namna gani? Ni mi ndiye nilijibu. Nilimukatia hata tawi, nikamupangia hapa hapa chini. Akapiga picha. Akanipigia na makofi." Aliinua uso. "Juu ya nini unauliza, dada?"

"Bure tu, Papa."

Lakini mzee hakuwa mjinga. Rangi ilimtoka.

"We mama!"

Sauti hiyo ilikuwa ya Vainqueur, mkuu wa ulinzi wa Transvolt. Shingo kama gogo, miwani ya jua hata wakati wa mvua.

"Patron anatoka saa moja na nusu. Gari yake iko chafu. Ama unangojea ijisafishe, juu inajiendesha?"

"Naenda, chef."

"Balikuleta hapa uendeshe. Mi nasema mwanamuke na ndoo bilizaliwa siku moja."

Pulchérie alichukua ndoo. Kila asubuhi kwa wiki tatu walimwoshesha gari namba moja, ile nyeusi yenye vioo vya kuzuia risasi, kwa sababu tu yeye ni mwanamke. Kila asubuhi alisema "ndiyo, chef". Mtu anayekudharau anakuachia funguo.

Aliingia ndani na kitambaa.

Skrini ikawaka. Vibonyezo viwili, kukubali mise à jour au kuiahirisha. *Accepter. Plus tard.*

Lionel hakukubali mise à jour yoyote kabla ya wiki mbili kupita. Aliwaachia madereva waijaribu kwa miili yao. Isidore alikuwa jaribio. Siku mbili kabla ya kifo chake, gari yake peke yake ndiyo iliyopewa version ya saba. Wenzake walimwonea wivu.

Pulchérie alinyoosha kidole.

*Accepter.*

*Dakika 12.*

Alitupa kitambaa juu ya skrini, akashuka, akaanza kusugua matairi.

Dakika tatu. Vainqueur alipita, akapiga ndoo teke. Maji yakamwagika. Pulchérie akaenda kuchota mengine.

Dakika saba. Vioo.

Dakika kumi. Mlango wa ofisi ukafunguliwa. Monsieur Lionel alitoka, shati jeupe, tableti mkononi. Kiswahili chake kilikuwa safi kama maji ya chupa, na kilikuwa na ladha ile ile: hakuna.

"Bado, mama?"

"Tairi moja, Patron. Matope imeshika."

Alisugua tairi ambalo lilikuwa linang'aa. Lionel alisimama juu yake akimtazama mgongo. Pulchérie alisali bila kutikisa midomo.

Ting!

"Ni nini hiyo?" Lionel aliuliza.

"Ni mulango, Patron. Niliacha wazi." Aliingiza mkono, akavuta kitambaa, skrini ikawa nyeusi. Akafunga mlango kwa upole. "Iko safi sasa."

Lionel alimtazama kwa muda.

"Leo unabeba watu wakubwa," alisema. "Usishike usukani sana. Gari inajua kazi."

"Ndiyo, Patron."

Vainqueur akanyoosha kiganja.

"Telefone. Amri mupya: shoferi hapigi telefone njiani."

Pulchérie akampa Tecno. Vainqueur aliipekua, akakuta nyimbo za kanisa, akasonya. Thermos hakuigusa. Nani anaogopa chai ya mwanamke?

* * *

Angeweza kukataa safari. Lakini angekataa, Darius angepewa funguo, na Darius hakujua kitu. Na wajumbe wasingengoja. Wa mlimani walikwisha kuapa: tukirudi bila sahihi, hatushuki tena.

Aliwachukua wajumbe kwa gari yake, namba nne, saa moja na nusu kwenye nyumba ya wageni ya parokia.

Pasteur Gisaro alikuwa mrefu, mkavu, na fimbo yake ya kuchungia. Mama Mukankuranga, mfugaji kutoka kijiji kimoja naye, alikuwa na uso usiosamehe kitu. Na Mama Dorothée wa Nundu, kiongozi wa wanawake wakulima, alivaa kitenge kipya kilichopigwa pasi mpaka mikunjo ikakata kama wembe.

Ugomvi ulianza kabla ya mlango kufungwa.

"Mi sikai karibu na muntu ambaye ngombe yake inajua shamba yangu kuliko mi," alisema Mama Dorothée.

"Na ngombe yangu ya mimba, ile ilipotea," alijibu Mama Mukankuranga, "nani aliichinja?"

"Haikukuwa na mimba ile!"

"Kumbe unaijua."

Pasteur Gisaro alifumba macho. "Bamama, tunaenda Fizi kusema hayo. Musiyamalize njiani."

Gari ilipanda barabara ya Fizi. Usukani ulizunguka peke yake, kama unashikwa na mtu asiyeonekana. Pulchérie aliweka mikono juu yake kwa adabu tu. Kwenye kioo cha nyuma aliona gari nyeusi, kilomita moja, haikaribii wala haiachwi.

Fundi alikuwa anafuata ili awe wa kwanza kukuta maiti.

Pulchérie alizungusha kitako cha thermos. Kikafunguka. Ndani ya kitako, redio ya Motorola, ndogo kama sabuni.

"Taa kwa Mlima. Taa kwa Mlima."

"Mlima anasikia." Ilikuwa sauti ya Mzee Néhémie, mkuu wake, anayengoja Fizi.

"Ni Mawe Matatu. Wataweka majani. Gari itasimama na kujifunga dakika nne."

"Tunahitaji dakika ishirini na tano."

"Niko na kumi na tano."

"Rudi nyuma."

"Nyuma iko Fundi."

"Basi?"

"Basi mukimbie, Muzee."

Alifunga thermos. Nyuma yake ng'ombe wa mimba alikuwa amesahaulika.

"We si shoferi," alisema Mama Mukankuranga.

"Niko shoferi pia, mama. Musikilize. Mbele kuna batu banangojea kutuua, nyinyi batatu pamoja. Kesho Nundu baseme ni mulima balifanya. Mulima baseme ni Nundu."

"Na bataamini," alisema Pasteur Gisaro taratibu. "Hata mi ningeamini."

Kijito kilikuwa mbele, pale ng'ombe wa barabarani wanaponyweshwa. Kwenye skrini Pulchérie alibonyeza *kupumzika*, kitu pekee ambacho version ya saba ilimwachia dereva. Gari ikasogea pembeni. Wakashuka.

Redio ya kampuni ikakoroma. Vainqueur.

"Numéro ine! Juu ya nini unasimama?"

"Mama muzee iko na haja, chef."

"Haraka! Banakungojea." Akanyamaza ghafla. "Kule Fizi. Banakungojea Fizi."

"Ndiyo, chef."

Gari ilikuwa na kamera nane, macho madogo meusi kama ya panya. Pulchérie alichota matope kwenye kijito, akaanza kupaka. Yakateleza, yakaanguka. Akapaka tena. Yakaanguka.

Mama Mukankuranga alicheka kwa dharau.

"We haujakandika nyumba hata siku moja. Matope peke yake haishike kwenye kioo." Alipandisha nguo yake, akaingia kwenye alama za kwato, akainama. Alirudi na mavi mabichi ya ng'ombe, mikono miwili. "Hii ndiyo inashika."

Pa! Jicho la kwanza likafa.

Mama Dorothée alitazama kitenge chake kipya. Alitazama barabara. Kisha akakikunja, akakichomeka kiunoni, akaingiza mikono.

"Ngombe yako ilinitesa ikiwa mzima," alisema. "Sasa na mavi yake tena!"

"Paka, mama. Usiache tundu."

"Nimepaka!"

"Pale. Pale umeacha tundu. Ndiyo maana shamba lako haina uzio."

Pa! Pa! Pasteur Gisaro alipaka ya nyuma, akinong'ona maombi. Walitumia dakika sita.

Waliporudi ndani, skrini ililia kama imeumwa na nyuki.

*Caméras obstruées. Conduite manuelle.*

Gari haioni tena, dereva aendeshe mwenyewe. Usukani ukalegea mikononi mwa Pulchérie. Ulikuwa mwepesi. Ulikuwa wake.

Akafunga mkanda.

"Mulale chini. Musiinue kichwa mpaka niseme."

* * *

Mawe Matatu.

Mawe makubwa kama nyumba, kona kali, hakuna mtandao wa simu. Lionel alipachagua kwa ajili ya hilo. Anayeitisha msaada pale anaitisha mawe.

Majani yalikuwepo. Mabichi, yamepangwa vizuri, hatua thelathini, kama alivyofundisha Papa Alphonse.

Watu wanne walikuwa wamekaa juu ya jiwe, Kalashnikov mapajani, kama wanaongojea mkate utoke kwenye tanuri. Mmoja alikuwa anavuta sigara. Hawakuinua bunduki. Waliambiwa gari itasimama yenyewe na kujifunga. Kwa Isidore ilisimama. Kazi rahisi.

Pulchérie alikanyaga mpaka chini.

Gari ya umeme haina mngurumo. Ilikuja kama upepo.

Matawi yalipasuka chini ya matairi. Sigara ilianguka. Mtu mmoja alipiga kelele. Risasi ya kwanza ilipita juu. Ya pili ilivunja kioo cha nyuma, vipande vikamwagika juu ya wajumbe kama mahindi. Ya tatu ililiparua paa.

Kona. Jiwe la mwisho. Nje.

"Nani ameumia?"

"Hakuna," alisema Pasteur Gisaro.

"Mi nimeumia," alisema Mama Dorothée kutoka chini. "Huyu mama amenilalia."

Hatua mia mbili mbele, Pulchérie aliegesha nyuma ya mwamba, akawaficha wajumbe kwenye mtaro. Kutoka chini ya kiti alitoa bastola yake, Makarov, iliyofungwa ndani ya kipande cha kitenge. Akavuta. Klik.

"Unaenda wapi?" aliuliza Mama Mukankuranga.

"Kuna kitu nilisahau."

Alirudi kwa kupita juu, ndani ya majani marefu, ameinama.

Chini yake, gari nyeusi ilikuwa inakuja mbio. Lionel alikuwa amesikia bunduki. Kwake bunduki zile zilikuwa kengele ya chakula. Alizunguka kona, tableti tayari kupiga picha.

Majani yaliyopondeka bado yalikuwa yamejaa barabarani.

Tii!

Gari nyeusi ilisimama kama imegonga ukuta.

Kla! Milango minne.

Pulchérie alibonyeza saa yake ya Casio.

Ndani ya vioo vya kuzuia risasi, Lionel alikanyaga. Akavuta usukani. Akapiga mlango kwa bega. Akainua tableti, akabonyeza, akabonyeza tena, akaielekeza juu kutafuta mtandao. Mtandao wa Mawe Matatu. Pembeni yake Vainqueur alikuwa anafungua mdomo kama samaki ndani ya mtumbwi.

Wauaji wanne walishuka kutoka kwenye jiwe. Waliona gari ya bosi. Waliona bosi anapiga kelele. Hawakusikia kitu. Vile vioo vilikuwa vizuri mno. Wakaja karibu, wakaning'iniza bunduki mabegani, wakabandika masikio kwenye kioo.

Vichwa vinne kwenye kioo kimoja.

Dakika moja na nusu.

"Bunduki chini!"

Mmoja aligeuka, mkono kwenye kifyatulio. Makarov ilisema mara moja. Bunduki yake ilimruka mkononi, naye akakaa chini akishika vidole.

"Chini nimesema! Mulale juu ya majani yenu."

Wawili walilala. Wa nne alikimbia kuelekea Fizi.

Dakika mbili na nusu.

Aliyekimbia alirudi. Alirudi ameinua mikono, na nyuma yake pikipiki nane za TVS, watu wawili wawili, na kwenye ya kwanza Mzee Néhémie, kofia imegeuka nyuma kwa upepo.

"Umesema kumi na tano," alisema Mzee Néhémie akihema.

"Mavi ya ngombe ilitupatia zingine."

"Nini?"

"Nitaandika ndani ya raporo, Muzee."

Pulchérie aliteremka mpaka barabarani. Alisimama mbele ya kioo cha Lionel, bastola chini, saa mkononi. Hakusema kitu. Aliinua kitambaa kile cha kufutia, akafuta sehemu ndogo ya kioo ili amwone vizuri.

Lionel alikiona kitambaa. Alitazama skrini yake. Alisoma namba iliyoandikwa pale kwenye kona ndogo ya chini: *7*. Pulchérie aliona uso wake unavyoelewa. Ulielewa polepole, kama maji yanavyopenya ndani ya kiatu.

Isidore naye alikaa hivi. Dakika nne, akitazama watu wanakuja.

Kla!

Milango ilifunguka yenyewe. Vainqueur alianguka nje, miwani imepinda.

"Mi nilitumwa tu!" alilia. "Dada Pulchérie, we unanijua!"

"Nakujua, chef. Chukua ndoo."

Kwenye tableti ya Lionel, Mzee Néhémie alikuta barua mbili zilizokuwa tayari, zinangoja mtandao tu. Ya kwanza: watu wa ziwa wamewaua wajumbe wa Bibokoboko. Ya pili: watu wa mlima wamemuua Mama Dorothée wa Nundu. Saa ya vifo ilikuwa imeandikwa. Majina yote matatu yalikuwa sawa, bila kosa hata la herufi moja.

Mama Dorothée alimsomea Mama Mukankuranga barua zile, bega kwa bega, mikono yao ikinuka zizi.

Hakuna aliyesema juu ya ng'ombe.

* * *

Fizi. Saa tisa alasiri.

Kutoka ukumbini kulisikika vigelegele. Sahihi zilikuwa zimetiwa. Mama Mukankuranga alitia kidole gumba, na kidole kiliacha alama ya kijani kwenye karatasi kabla ya kugusa wino, na karani alitaka kubadilisha karatasi, na Mama Dorothée alimfokea aiache.

Nyumba ya tatu kutoka pale, ile isiyo na kibao, Lionel alikuwa amekaa mbele ya meza. Alikuwa ametulia tena. Watu wa aina yake wanatulia upesi.

"Sikilizeni," alisema. "Ni logiciel, programu ya gari. Mise à jour ilikuwa na kasoro. Duniani kote inatokea. Hata mimi ilinifungia, mmeona wenyewe. Mimi ni mwathirika. Kama kuna mtu alikufa, hakuna aliyemuua. Ni mashine."

Mzee Néhémie alimtazama Pulchérie.

Pulchérie alifungua mfuko wake. Alitoa tawi kavu, lile la siku ya nne. Akaliweka mezani. Majani mawili yakadondoka. Pembeni yake akaweka saa ya Casio.

"Baraka niko na jirani," alisema. "Anaitwa Rosette. Bwana yake aliitwa Isidore. Alikuwa anaimba sauti ya chini kanisani, na alikuwa anakupenda, Patron. Alikuwa anasema gari yako itatupunguzia uchovu."

Lionel alitazama tawi.

"Rosette aliniuliza: gari yenye kujiendesha, siku ikiua muntu, ni nani anaenda kuomba musamaha? Sikumujibu. Leo narudi nyumbani. Nipatie neno moja nimupelekee. Gereza utaenda tu, hilo siyo la kwangu. Mi nataka lile neno."

Alibonyeza saa.

"Uko na dakika ine."

Dakika ya kwanza Lionel alitabasamu.

Dakika ya pili alitazama mlango, kisha dirisha, kisha mlango.

Dakika ya tatu alifungua mdomo. "Logiciel," alianza. Akaona macho ya Mzee Néhémie, akafunga.

Dakika ya nne jasho lilimtoka kwenye nywele, likapita shavuni, likadondoka juu ya tawi. Nje vigelegele vilikuwa vimekwisha.

Ting.

Pulchérie alichukua saa, akaivaa. Alichukua thermos yake. Tawi aliliacha pale pale, katikati ya meza, mbele ya mtu yule.

Akafungua mlango, akatoka kurudi Baraka bila lile neno.